Baiskeli Isiyo na Kotapini

Jumatatu, 1 Julai 2024. Busunzu

Miaka hamsini na miwili nje. Nimehesabu tena wakati nanyoa. Kila Julai mosi nahesabu, kwa sababu ni sikukuu ya uhuru ya kule nilikozaliwa, ingawa sisi tulivuka Malagarasi mwezi wa tano. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Sasa sabini.

Baridi. Uji wa mtama. Anastazia ameanika maharage uani na amenikataza kupita.

Saa nne Daktari Mlay amesimamisha lori la mizigo yake hapa mlangoni. Amehamishiwa Singida. Nilimfundisha Kiha cha kuwauliza wagonjwa wanaumwa wapi, miaka mitatu, kila Jumamosi. Akashusha baiskeli yake ya milimani akaniegeshea ukutani iwe yangu. Buluu. Tairi nene zenye meno. Akasema ina gia ishirini na moja. Nikamwuliza mtu mwenye miguu miwili anazifanyia nini gia ishirini na moja. Akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akapanda lori, akaondoka. Nitamkumbuka.

Sikumwambia kwamba nimekuwa nikingoja kitu kama hiki tangu Pasaka.

Jumanne, 2 Julai

Niandike sawasawa. Dada yangu Skolastika hunipigia simu kila Jumapili. Yeye alirudi kwetu, akakimbia tena, akakaa kambini Mtendeli, na kambi ilipofungwa akarudi tena. Anaishi kwenye kilima chetu, kwenye shamba la baba. Tangu Pasaka anasema amenitengea chumba. Nizeekee kwetu. Nimemwahidi mwisho wa mwezi huu. Si kutembea. Kukaa.

Nilitoka kule na baiskeli. Nataka kurudi na baiskeli. Kibondo, Mabamba, mpakani. Kwa mwendo wangu siku kadhaa. Ni upumbavu wa mzee na naujua.

Anastazia nimemwambia leo. Yeye ni Muha wa Muyama, hajawa mkimbizi hata siku moja, alikubali kuolewa na mtu asiye na kilima. Alipepeta maharage mpaka akamaliza ungo mzima. Kisha akasema, "Nenda, Baba Yohana. Maharage yangu yatakaa hapa, na mimi nitakaa nayo."

Hakunitazama. Naogopa. Hata hivyo nitakwenda.

Jumatano, 3 Julai

Nimegeuza baiskeli kichwa chini, nikakaa kwenye kigoda na daftari. Safari hii nitajua kila kipande kabla ya kugusa barabara.

Fremu ni nyepesi kuliko inavyoonekana. Usukani umenyooka, mpana kama mabega ya mchukuzi. Uma wa mbele si chuma kitupu, una shokapu mbili. Ukiziminya zinashuka na kupanda taratibu, kama mzee anayepiga magoti kanisani. Mbele, penye pedeli, sahani tatu za meno. Nyuma saba. Tatu mara saba, ndiyo ishirini na moja ya Daktari. Nimefurahi kuikuta hesabu hiyo mwenyewe. Chini ya sahani za nyuma kuna kimkono chenye magurudumu mawili madogo. Jina lake silijui. Ukibonyeza kwenye usukani, waya unakivuta, nacho kinausukuma mnyororo kutoka sahani hadi sahani. Nimebonyeza mara thelathini. Anastazia kauliza kama napiga simu.

Breki hazishiki rimu. Katikati ya kila gurudumu kuna sahani nyembamba yenye matundu, na pedi mbili zinaibana. Sijawahi kuona.

Hakuna kerea. Anastazia kaizunguka mara moja. "Sasa hii inabeba nini?"

Nikasema inanibeba mimi.

Akarudi kwenye maharage yake.

Alhamisi, 4 Julai

Hili sijaliandika kamwe, na sijamwambia mtu. Si Anastazia, si padri.

Baba alikuwa na baiskeli nyeusi. Ikinga, tulivyoiita kwetu. Mkono wa pedeli wa baiskeli zile unashikwa na kotapini, kipande cha chuma chenye urefu wa kidole, kimechongwa upande mmoja, kina nati upande wa pili. Kikitoka, mguu unazunguka bure. Baiskeli inakuwa mzigo.

Jioni kabla hatujayakimbia mauaji baba aliniambia, kaza nati ya kotapini. Nilikuwa nasoma. Nikaitika ndiyo, data, yaani ndiyo, baba. Sikukaza.

Alfajiri tuliondoka watatu. Mama alikuwa amekufa zamani. Bibi alibaki, hakuweza kutembea, alisema atalinda nyumba. Skolastika alikuwa na miaka minane, tulimkalisha kwenye kerea. Mchana, tukishuka kuelekea bonde la mto, nilitangulia kuchungulia njia. Niliporudi baba alikuwa amechuchumaa kando ya baiskeli, mkono wa pedeli unaning'inia. Akasema kotapini imedondoka. Sisi tushuke kwa miguu, yeye atarudi nyuma kidogo kuitafuta, atatukuta mtoni. Akasema, "Ntimunkurikire." Msinifuate.

Tulimngoja kwenye mafunjo hadi asubuhi ya pili. Hakuja. Hakuonekana tena na mtu yeyote tunayemjua.

Kwa ajili ya nati. Kwa ajili ya kitabu ambacho hata mwisho wake siukumbuki.

Ndiyo sababu nitarudi. Mtu aliyemrudisha baba yake kule hana haki ya kuzikwa huku.

Jumamosi, 6 Julai

Mazoezi. Kutoka nyumbani hadi gulioni. Miguu inakumbuka, mikono haikumbuki. Nilibonyeza gia nikiwa nimesimama na mnyororo ukalia kama mbuzi. Lazima uwe unazungusha ndipo ubadilishe. Andika hilo.

Wauza ndizi wamefurahi. "Mwalimu, unamfukuza nani?" Mwingine akamjibu, "Anafukuza ujana, mwache, uko karibu na Kasulu."

Kupanda kilima cha shule na sahani ndogo mbele na kubwa nyuma: unazungusha sana, unasogea kidogo, lakini hushuki. Nimefika juu nimekaa kwenye kiti. Tangu nistaafu sijafika juu ya kile kilima bila kupumzika njiani. Nilisimama pale nikicheka peke yangu. Furaha, nadhani.

Jumapili, 7 Julai

Skolastika kapiga simu. Chumba kimepakwa chokaa. Nimemwambia tarehe ishirini na nane naanza safari. Alilia. Anastazia alikuwa jikoni anagonga sufuria kuliko ilivyohitajika.

Jumanne, 9 Julai

Breki ya mbele imeanza kulia. Ya nyuma pia. Mlio mwembamba, unaingia menoni. Mbwa wa jirani wananifuata.

Kwetu chuma kikilia kinapewa mawese. Baiskeli nyeusi, bawaba za mlango, mashine ya kusaga, cherehani ya Anastazia. Asubuhi yalikuwa yameganda kwenye chupa, nikayaanika juani mpaka yakawa mekundu na mepesi. Nimedondoshea mnyororo, magurudumu madogo ya gia, nyaya. Halafu matone mawili kwenye kila sahani ya breki, nikazungusha gurudumu yaenee vizuri.

Mlio umekwisha. Kimya kabisa. Najivunia.

Jumatano, 10 Julai

Niko hai.

Jumatano, jioni

Naandika.

Nilishuka mteremko wa kijito saa tatu. Nikaminya breki ya nyuma. Hakuna kitu. Ya mbele. Hakuna kitu. Mikono ya breki inaminyika vizuri, nyaya zinavuta, baiskeli inazidi kwenda. Chini kuna daraja la magogo na mama wawili walikuwa wanavuka na ndoo kichwani. Nilipiga kelele. Sijui nilipiga kwa lugha gani. Walisema baadaye ni Kirundi.

Niligeuza usukani kulia, nikaingia shamba la mihogo. Mihogo ni mizuri, inavunjika pole pole. Nililala chali nikaona mbingu yote.

Mwenye shamba alikuja na jembe begani. "Mwalimu, umekuja kupalilia?" Kisha akaona damu, akanikalisha, akanifuta goti kwa kanga yake. Mihogo sita imevunjika. Kasema nisiiongelee.

Wale mama walisimama darajani mpaka nilipoinuka. Ndoo zao hazikumwagika. Nimelishukuru hilo mara nyingi kuliko nilivyoshukuru goti langu.

Wakati nateremka nilifikiri neno moja tu: nati. Nilikuwa na hakika nimesahau nati.

Anastazia kaosha kidonda kwa maji ya chumvi. Kisha akakiosha tena.

Ijumaa, 12 Julai. Kibondo

Baiskeli juu ya basi, mimi ndani, goti limevimba. Nimeipeleka kwa Bi Zuhura, fundi wa nyuma ya soko. Alirithi kibanda kwa marehemu mume wake na watu wanasema anamshinda. Mama wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi.

Nilimwamkia kwa Kiha, mwakeye, akanijibu bila kuinua kichwa. Akashika sahani ya breki. Akanusa kidole.

"Mawese! Mwalimu, ulitaka kuikaanga?"

"Ilikuwa inalia."

"Breki kulia ni vumbi, inafutwa. Ukiipaka mafuta inanyamaza, ndiyo. Na wewe unanyamaza."

Wateja wawili kwenye benchi walicheka. Na mimi nilicheka. Nilistahili. Miaka thelathini na sita ubaoni nimewaambia watoto wasome kwanza ndipo waguse.

Kaniweka nifanye mwenyewe. Kung'oa magurudumu. Kuosha sahani kwa sabuni, kisha kwa spiriti, bila kuzigusa kwa vidole. Kutoa pedi, kuzipitisha juu ya moto mpaka mafuta yakachemka na kutoka, kuzisugua kwa msasa. Akanifundisha majina ya vipande. Kile kimkono cha gia anakiita mvutaji. Sahani za nyuma kwa pamoja ni kaseti. Mnyororo ndio wa kupewa mafuta, tone moja kila kiungo, na ziada inafutwa. Breki zinafanya kazi kwa ukavu. Nimeandika: kuna vipande vinavyoishi kwa mafuta na vinavyoishi kwa ukavu, na mtu asiyevitofautisha asishuke mlima.

Mwishoni nilimwuliza kuhusu pedeli. Nilikuwa nimetafuta kotapini siku zote hizi sikuiona.

"Haina. Hizi zinakazwa kwa bolti, huku ndani."

Nikauliza kama bolti inaweza kudondoka njiani, kama kotapini.

Akaacha spana. "Nani amekwambia kotapini inadondoka? Kotapini ni kabari. Inaingia kwa nyundo, inatoka kwa nyundo. Nati ikilegea, mguu unacheza, unagonga. Ko, ko, ko, kila mzunguko, siku nyingi. Unaisikia kabla haijatoka. Mimi nimezitoa maelfu, sijaona iliyotoka yenyewe kimya kimya."

Nilikaa kwenye benchi. Aliniletea maji, akidhani ni goti.

Jumamosi, 13 Julai

Haikugonga.

Nimeipita njia ile yote akilini, asubuhi nzima, hatua kwa hatua. Tulisafiri kimya kwa sababu tuliogopa kusikika. Nilisikia pumzi ya baba. Nilisikia tumbo la Skolastika likinguruma. Ningesikia ko, ko, ko. Baba ndiye angesikia wa kwanza.

Haikugonga hata mara moja.

Nina hasira na sijui nimkasirikie nani. Nimeshindwa kula. Anastazia kauliza kama fundi kaniambia habari mbaya. Nikasema sijui kama ni mbaya.

Jumapili, 14 Julai

Nimepiga mimi. Sikungoja yeye apige.

Nilimsomea Skolastika vipande vya baiskeli mpya kwanza, kwa woga. Shokapu, kaseti, mvutaji. Nikasema haina kotapini. Akacheka, yule dada yangu, akacheka kwa sauti ya mtoto.

"Kama ile aliyoitia data mfukoni."

Nikamwambia aseme tena.

Akasema tena. Mimi nilipotangulia kuchungulia njia, baba alimshusha kwenye kerea. Akatoa spana kwenye kimkoba cha chini ya kiti. Akafungua nati, akagonga kwa jiwe mara tatu, nne. Kotapini ikatoka, akaitia mfuko wa shati. Akamtazama, akaweka kidole mdomoni. Yeye akadhani ni mchezo. Kisha mimi nikarudi. Kisha tukashuka, nimemshika mkono, namvuta, sitazami nyuma.

Yeye alitazama. Kwenye kona alimwona baba amechuchumaa, anagonga. Anairudisha. Halafu akapanda, akaondoka na baiskeli akielekea juu.

"Alikwenda kumchukua bibi, musaza wanje, kaka yangu. Bibi asingetembea, alihitaji ikinga. Angekwambia, ungekataa kushuka bila yeye. Ungemfuata."

Ningemfuata. Ni kweli.

Nikamwuliza kwa nini miaka yote hii hakusema. Akashangaa kabisa. "Wewe ndiye mkubwa. Nilidhani unajua." Na kwetu siku zile hazisemwi. Tumekaa mezani pamoja mara ngapi, Kasulu, Mtendeli nilipokwenda kumtembelea, tumesema mihogo, watoto, mvua. Siku ile hatukuigusa. Kila mmoja alikuwa anamhurumia mwenziwe.

Nikamwambia habari ya nati. Mara ya kwanza kuitamka kwa mdomo. Nikadhani salio limekwisha.

"Maskini wewe," akasema. "Baiskeli ilikuwa nzima."

Jumatatu, 15 Julai

Baiskeli ilikuwa nzima.

Nimelala hadi saa mbili asubuhi. Sijafanya hivyo tangu nianze kazi.

Alhamisi, 18 Julai

Nimemweleza Anastazia yote. Nati, kitabu, mafunjo, kidole mdomoni. Alisikiliza huku anachambua mchele, halafu akaacha kuchambua. Akasema, "Kumbe ndiyo maana hukuwahi kuniacha nikaze kitu." Ni kweli, mimi ndiye hukaza kila kitu nyumba hii. Vifuniko vya chupa. Koki ya tangi. Watoto walinitania.

Amelia kidogo kwa ajili ya baba yangu. Mimi nimeshindwa. Ninachosikia si huzuni. Ni kama kutua ndoo. Shingo bado imekaza, inangoja uzito.

Baba alikufa, sijui wapi, na hilo halijabadilika. Lakini alikwenda kwa mama yake, juu ya baiskeli nzima, kwa akili yake. Hakutafuta chuma kwenye nyasi kwa ajili ya uvivu wangu. Mtu wa miaka arobaini na kitu aliyepanga jambo akalifanya. Nina umri wa kuwa baba yake sasa, na namwelewa. Ningetoa kotapini hata mimi.

Jumapili, 21 Julai

Skolastika kauliza kuhusu tarehe ishirini na nane. Nilimwomba anipe wiki.

Ukweli mtupu: nilikuwa nakwenda kutumikia adhabu. Nikaiita kuzeekea kwetu. Kilima nakipenda, nakumbuka umbo lake na harufu ya majani yake yakichomwa, na nikikazana naweza kusema kila nyumba ilikuwa ya nani. Lakini sikuwa nakwenda kukipenda. Na hapa ningemwacha mwanamke na maharage yake.

Kuna cheti changu cha uraia wa nchi hii kwenye fremu, ukutani, na kalenda ya kanisa imekifunika nusu. Leo nimeisogeza kalenda.

Jumatano, 24 Julai. Kibondo

Kwa Bi Zuhura tena. Goti limepona kiasi cha kupanda basi. Nimemwomba aweke kerea. Kasema baiskeli ya namna hii haiwekwi kerea, ni kama kumvika farasi kengele ya ng'ombe. Kisha kaweka. Kachomelea vyuma viwili na kukaza kwa bolti nne kwenye fremu. Kanipa spana.

"Kaza mwenyewe, Mwalimu. Usije ukasema ni mimi."

Nimekaza zote nne. Nikajaribu. Sikurudia kuzikaza mara ya pili. Bi Zuhura hakuliona hilo, mimi nimeliona.

Jumapili, 28 Julai. Busunzu

Asubuhi baridi, ukungu bondeni hadi saa mbili. Anastazia kakaa kwenye kerea upande, amefunga kitenge kipya, mkono mmoja kiunoni kwangu. Kanisani kwa njia ya mteremko wa kijito. Sahani ya kati mbele, ya nne nyuma. Breki zimelia kidogo tu. Watu wa daraja wakapisha. Mwenye mihogo kapunga jembe.

"Polepole, Baba Yohana."

"Ninakwenda polepole."

"Basi endelea hivyo."

Baada ya misa nimempigia Skolastika. Nimemwambia chumba ampe mjukuu wake. Hakubisha. Atakuja Krismasi, atakaa mwezi, atapewa mawese ya kubeba. Tumesema habari za mihogo, halafu habari za baba kwa nusu saa nzima. Shati lake la siku ile lilikuwa la kijivu. Mimi nilidhani la kaki.

Mchana nimefuta vumbi kwenye sahani za breki kwa kitambaa kikavu. Nimeegesha baiskeli ukutani. Maharage yamekauka, nimemsaidia kuyatia gunia.

Sitarudi.